Tabaka la Chumvi

Mimba yangu ya kwanza ilitaka udongo. Wenzangu walitamani maembe mabichi na ndimu. Mimi nilitaka jiwe laini, lile linalosagika mdomoni na kunukia mvua. Nesi wa kliniki pale Lodwar alinifokea mpaka wagonjwa wengine wakageuka kutazama. Mume wangu akavificha vipande nilivyokuwa nimevifunga kwenye leso, nami nikavitafuta, nikavipata, nikavila mbele yake. Niacheni. Asiyewahi kubeba mimba asinihukumu.

Kichekesho ni kwamba udongo ndio kazi yangu. Nimesomea miamba. Wachimbaji wa visima hunichukua nikasimama kando ya mtambo, nikaangalia kinachotoka ardhini na kuwaambia tumefika tabaka gani, na kama kuna matumaini ya maji. Wakati huo tulikuwa tunachimba magharibi ya Kakuma, mbali na kambi ya wakimbizi, mahali ambapo unaiacha barabara ya Lokichoggio ukafuata njia ya mbuzi kuelekea milima ya mpakani. Kwenye makorongo ya chini ya milima ile ardhi imekatika wima, na matabaka yanaonekana waziwazi, jekundu juu ya jeupe, jeupe juu ya kijivu, kama blanketi zilizokunjwa na kupangwa. Lakini pale tulipokuwa sisi ni tambarare tupu. Huwezi kuona kitu mpaka utoboe.

Mtambo unaposhuka, hewa inapuliza vumbi na vipande vya mawe vikapanda juu. Kila mita moja mtu wa zamu anakinga koleo, anamwaga rundo dogo chini, na marundo yanafuatana kwa mstari. Ukitembea kando ya mstari huo ni kama unateremka shimoni kwa miguu yako. Rundo la kwanza ni mchanga wa juzi tu, na kadiri unavyosonga mbele unazidi kurudi nyuma, kwa sababu la juu ni jipya na la chini ni la kale. Mimi nachuchumaa, nashika, nanusa, naandika.

Sasa, ule udongo niliokuwa nimenunua soko la Kakuma, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza bamia kavu, ulikwisha siku ya pili. Nikayaangalia marundo. Marundo nayo yakaniangalia. Nikachukua kidogo kutoka rundo jeupe, majivu ya volkano ya zamani za kale, nikatia mdomoni. Mungu wangu, lilikuwa tamu! Nikachukua tena.

"Ejok," sauti ikanisalimu kwa Kiturkana nyuma yangu. "Wewe unakula mchanga yetu?"

Nilishtuka nusura nijing'ate ulimi. Alikuwa mama wa boma la karibu, amesimama na fimbo yake, shanga zimemjaa shingoni, anajizuia asicheke.

"Ejok, Mama. Ninaonja tu."

"Unaonja sana. Kwani Lodwar chakula iliisha?" Akalitazama tumbo langu, akacheka sasa bila kujizuia. Kisha akaketi chini, akachagua kipande kutoka rundo lile lile, akakitafuna. "Hii ni nzuri. Ya mlima ni nzuri kuliko hii."

Basi tukawa marafiki. Kila asubuhi, akishawatoa mbuzi, alikuja akaketi nami kando ya marundo, nami nikamweleza hili limetoka wapi na lile limetoka wapi. Alikuwa na maswali mengi na hakukubali jibu upesi. Nilimpenda kwa hilo.

Ni yeye aliyekiona kile kitu kwanza. Tulikuwa tumeingia udongo wa kijivu, mzito, unaonata. Alikuwa anafinyanga donge mkononi, likakatika, akanionyesha ndani yake. Ni mfupa mdogo wa mviringo, mdogo kuliko kifungo cha shati.

"Hii ni ya samaki," akasema.

"Ni ya samaki, Mama. Hapa palikuwa na ziwa."

"Hapa?" Akageuza kichwa pole pole, akatazama vumbi na miti ya miiba. Kutoka pale hadi Ziwa Turkana la leo, kwa wavuvi wa Kataboi, ni safari ya kumchosha hata dereva. "Wacha uongo."

Nilisoma mambo hayo chuoni miaka mingi iliyopita, nikajibu mtihani, nikapita. Lakini nakwambia ukweli, mfupa ule ulipokuwa kwenye kiganja chake nilisisimka mwili mzima. Samaki! Pale ambapo watu wanafunga safari kutafuta kikombe cha maji!

Nikafanya nilivyozoea. Nikatia donge la kijivu mdomoni. Na hapo hapo nikatema.

Chumvi. Chumvi kali, si ile ya kudhania. Nikaonja rundo lililofuata, na lililofuata, yote vivyo hivyo. Ziwa lile lilikauka likaacha chumvi yake ndani ya tope, na tope likafunikwa, likakaa likisubiri. Mpango wetu ulikuwa kushusha bomba lenye matundu tangu juu hadi chini, na maji yakipita katika tabaka lile yataingia na chumvi yote. Tutawachimbia watu hawa kisima cha machozi.

Mama alikuwa ananitazama usoni. "Ni mbaya?"

"Kuna chumvi."

Akaanza kuzungumza, akitazama mtambo, si mimi. "Msichana yangu mkubwa alikufa kwa shimo ya laga. Mwaka jana, wakati ya jua."

Laga ni mto wa mchanga. Maji yako chini yake, na kiangazi kikizidi wanawake wanachimba, wanachimba, mpaka wanasimama mmoja juu ya mwingine ndani ya shimo wakipokezana karai. Nilijua hilo. Nimeyapita mashimo hayo maisha yangu yote, maana nilikulia Lodwar, baba alipohamishiwa huko kikazi. Sikuwahi kujiuliza nani husimama chini kabisa.

"Yeye ndiye alikuwa chini, anachota," Mama akaendelea. "Mchanga ikaanguka. Tulichimba na mabakuli, na mikono. Tulimtoa, lakini tulimtoa amekufa." Akajifuta vumbi mikononi. "Sasa huyu mdogo ndiye anaingia. Ni mwembamba, shimo inamtosha. Hii chuma yenu ikileta maji, hataingia tena. Ikikosa, ataingia."

Nikamwuliza binti huyo yuko wapi sasa hivi. Akaelekeza fimbo upande wa laga. Jamani. Sisi tumekaa hapa tunatafuna udongo na kupiga soga, na mtoto yuko shimoni.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi mkuu. Huyo alikuwa mtu wa Machakos, mtu mzima, kitambi chake kikishindana na changu, na mtambo aliuendesha vizuri, sitamnyima haki yake. Nikamwambia tusimame. Tushushe bomba zima lisilo na matundu, tuzibe nje yake kwa saruji mpaka lipite tabaka la kijivu, ndipo tuendelee kutoboa chini.

"Madam, saruji iko wapi?"

"Kakuma."

"Na tunangojewa Lokichoggio, mwenye mtambo ananipigia simu kila saa. Chumvi umeijuaje?"

"Nimeonja."

Alinitazama kuanzia usoni hadi tumboni, akatabasamu tabasamu ambalo lilinipandisha hasira hadi masikioni. "Madam, mke wangu akiwa hivyo alisema chai inanuka sabuni. Miezi mitano. Sikubadilisha majani ya chai."

"Onja wewe!"

"Mimi silambi mchanga. Hata ikiwa na chumvi kidogo, mbuzi watakunywa. Maji ya Turkana yote yana chumvi."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mama mkwe anasoma. Naye akarudi kwenye mtambo wake, akapiga kelele waendelee. Nilitaka kulia na sikutaka anione nikilia, basi nikaenda nyuma ya lori nikalia huko.

Niliporudi nilikuta zogo. Mbuzi wa Mama walikuwa wamevamia marundo yangu, kundi zima, na wafanyakazi wanarusha mikono na kupiga miluzi. Nikakimbia kadiri mwenye tumbo anavyoweza kukimbia. Kisha nikasimama. Nikaona jambo.

Mstari ulikuwa mrefu, marundo ya kila rangi. Mbuzi walikuwa wameyapita yale mekundu bila kuyagusa. Wakalipita jeupe. Wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamesongamana mahali pamoja, kwenye marundo ya kijivu, wanalamba, wanasukumana, na aliyefukuzwa anazunguka na kurudi pale pale.

"Fundi!" nikapaza sauti. "Njoo uone! Na hawa nao wana mimba?"

Mama akajibu kwa utulivu kabisa, kama aliyeulizwa kwa nia njema. "Ndiyo. Wengine wana mimba."

Wafanyakazi waliangua kicheko, mmoja akaketi chini akishika mbavu. Hata fundi alicheka, akitaka asitake. Lakini alikuja. Akawatazama mbuzi kwa muda mrefu. Akainama, akachukua donge kutoka chini ya rundo ambako ulimi wa mbuzi haujafika, akaligusa kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukabadilika. Alitema, akatema tena, akaomba maji.

"Haki ya Mungu," akasema polepole. "Ningewawekea hii." Akaizima simu yake, mbele yangu, akaitia mfukoni. "Nani anajua kuendesha ile pikapu? Aende Kakuma alete saruji."

Tuliziba. Tukangoja saruji ishike, na kungoja kule kulinichosha kuliko kazi, kwa sababu binti mdogo alikuwa bado anaenda laga. Kisha tukatoboa tena. Tope la kijivu lilikuwa limekoma kana kwamba limekatwa kwa kisu, na sasa zikaanza kutoka kokoto, kubwa, za mviringo, zile ambazo mito huzisukuma kutoka milimani. Nilizitambua mara moja. Ni mawe ya milima ile ya magharibi tuliyokuwa tunaiona pale mbele yetu. Yaliteremshwa na maji kabla ziwa halijakuwa ziwa. Nikapiga kelele. Mvua ikinyesha juu kule inaingia katika kokoto hizi na kusafiri chini kwa chini, chini ya chumvi, bila kuigusa.

Maji yalitoka na matope kwanza, yakawa meupe kama maziwa, yakawa safi. Fundi alionja wa kwanza, akanikabidhi kikombe, na macho yake yalikuwa yamelowa. Matamu. Baridi na matamu, maji ya mvua ya mlimani. Wanawake walikuja kutoka kila upande, sijui nani aliwaambia, wakaanza kuimba na kurukaruka na shanga zikilia vifuani mwao. Nami nikaruka nao, tumbo na yote. Binti mdogo alikuwepo, mwembamba kweli, amejimwagia maji kichwani na kucheka kwa sauti.

Mama alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Akajaza kingine. Nami, kwa furaha ile, mdomo haukutulia. Nilimshika mkono, nikamwelekezea milima, nikamweleza njia yote ambayo maji yamepita. Nikamwambia, tena kwa majivuno, kama vile ni mimi niliyeyaweka, "Maji haya si ya leo, Mama. Yapo hapa tangu zamani, kabla ya bibi wa bibi yako. Hayakuondoka. Yalikuwa chini tu, yanangoja."

Alikuwa amekipeleka kikombe mdomoni. Akakishusha.

"Ilikuwa hapa?"

"Siku zote."

"Hata mwaka jana?"

Ningetoa chochote nilicho nacho nisiwe nimefungua mdomo. Wanawake walikuwa bado wanaimba.

"Hata mwaka jana, Mama."

Hakulia. Alitazama chini kwenye miguu yake, kwenye lile vumbi lililokuwa limegeuka tope, kisha akatazama njia ya mbuzi inayotoka kwenye boma lake, ikipita kando ya mtambo wetu na kuelekea laga.

"Alikuwa anapita hapa," akasema. "Kila asubuhi, na mtungi kwa kichwa. Hapa hapa, juu ya hii maji."

Kikombe kikamtoka mkononi, maji yakamwagika. Niliinama kukiokota, na nilipokipata sikuweza kuinuka na kumtazama usoni.