Shati Moja la Kukimbilia

Baridi ya Guangzhou haina theluji, ila unyevu wake hupenya mifupani. Ukikimbia na fulana ya pamba, hulowa jasho na kukupoza mgongo. Kwa hiyo juzi, kwenye duka la jumla katika barabara ya Guangyuan Xilu, niliomba shati moja jepesi lisiloshika jasho.

Mwenye duka, Mchina anayejua Kiswahili cha biashara, alitikisa mkono. "Rafiki, moja hakuna. Pakiti iko mbili. Kubwa yako, ndogo ya mama."

Mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akijaribu jaketi alicheka. "Chukua, mzee. Ama mama umemwacha kwenye blanketi?"

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akiniamsha," nilisema. "Tukishaswali alfajiri, tulikuwa tunakimbia pamoja. Tulimzika kabla ya Ramadhani."

"Inna lillahi," alisema, akavua jaketi taratibu. Kisha akamwambia mwenye duka kitu kwa Kichina.

Mwenye duka akachana pakiti, akanisogezea shati kubwa kwa mikono miwili. "Moja, sawa."

Nilipata nilichoomba. Mungu anisamehe, nilitamani aendelee kukataa. Katika mji huu mzima, ni duka lile tu lililokuwa bado linatuhesabu wawili.