Kikombe Kisichoonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya ya Biharamulo hakuniuliza nimesoma nini. Alinipeleka kwenye josho, lile shimo refu la saruji linalojazwa maji na dawa ya kupe, akaniamuru nimshike dume mmoja pembe. Nilipokwisha kuburutwa matopeni akasema, "Sasa umeajiriwa." Nilikuwa kijana wa Murukulazo, kule Ngara, mwenye suruali moja nzuri, na ndiyo iliyochafuka.

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mjue kwamba adui wetu mkubwa alikuwa ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Dawa ya kuitibu hatukuwa nayo. Tulichoweza ni kuogesha ng'ombe kila wiki, na mwenye ng'ombe asipotaka, cheti chako hakimwogeshei mtu ng'ombe.

Baada ya miaka michache Serikali ilinipeleka Bulgaria kusomea ng'ombe wa maziwa. Baridi niliitarajia. Sikutarajia watu ambao wakikubali jambo hutikisa kichwa kama wanaokataa, wala kuona mtoto akimpita mzee njiani bila salamu na mzee hakasiriki. Maziwa ya mgando walikuwa nayo, tena mazuri, ila waliyatia matango na kitunguu saumu. Nilikula huku moyoni nikiwaomba radhi ng'ombe wa baba yangu.

Mkuu wa mazizi pale chuoni alikuwa mama mtu mzima, tukimwita Mama Radka. Ndiye aliyenifundisha kumtoa ndama aliyekwama tumboni bila kumuumiza mama yake. Jumapili moja alinialika nyumbani kwake. Alinimiminia pombe yao ya matunda, nami nikaiacha mezani. Kwetu Ngara mwenyeji hampi mgeni kinywaji kabla hajakionja mwenyewe mbele yake. Ndivyo anavyomwambia kwamba nyumba hii haina sumu. Mama Radka akangoja ninywe, mimi nikangoja aonje. Mwishowe nikamwambia kwa upole, "Mama, onja wewe kwanza."

Alidhani namshuku. Uso ulimwiva, akaiondoa ile glasi mezani, na mumewe akanifungulia mlango. Nilirudi bwenini nimejaa aibu. Watanzania wenzangu walinicheka kwa muda mrefu, nami nikaapa kwamba mila hiyo nitaizika hukohuko Ulaya.

Siku ya kuondoka, Mama Radka alikuja stesheni na chupa na glasi. Sijui alikuwa amemwuliza nani. Alimimina, akaonja funda moja mbele ya watu wote, kisha akaninyooshea glasi kwa mikono miwili. Wenzangu walikuwa wakitazama. Nikacheka, nikamwambia hayo ni mambo ya wazee wa vijijini, nikamwomba glasi nyingine safi. Alinipa. Treni ilipoondoka alikuwa bado ameishika ile ya kwanza.

Nilirudi vita vya Kagera vikiwa vimeanza. Lori la idara lilikuwa limechukuliwa kwenda vitani, nami nikapangiwa kijiji cha ujamaa huko Nyantakara, kwa baiskeli. Josho lilikuwepo, ng'ombe hawakuja. Aliyenitangulia alikoroga dawa kali kupita kiasi, wakafa ndama, na watu wakasusa. Sasa ndigana ilikuwa inaingia zizi moja baada ya jingine. Afisa Mifugo aliniambia, "Mzee Nyabenda akikubali, wote watakuja. Akikataa, funga josho, uje ufagie ofisi."

Nikamkaribisha Mzee Nyabenda kwangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Nikamjazia kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikamkabidhi, nikaanza kumweleza habari za kupe kwa maneno ya chuoni. Hakuigusa. Nilieleza mpaka koo likanikauka, ndipo akaniuliza:

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Wa Murukulazo, mzee."

"Murukulazo wameacha kuonja?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikanyoosha mkono nikichukue kikombe nionje, lakini akakifunika kwa kiganja.

"Umechelewa," alisema. "Na hiyo dawa yako, utatupatia vivyo hivyo?"

Nilikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, zawadi ya baba yangu, na sikuwa na mali nyingine. Kesho yake nilipima dawa mbele ya kijiji kizima, nikamtumbukiza joshoni huyo mtamba wangu kwanza. Watu walipita kwangu kumtazama, wakamkuta anakula majani kama kawaida. Siku ya kuogesha iliyofuata Mzee Nyabenda alileta ng'ombe wake, na nyuma yake wakaja wote.

Afisa Mifugo alinisifu kwa elimu yangu ya Ulaya. Niliinamisha kichwa, akadhani ni adabu. Nilikuwa namkumbuka yule mama pale stesheni, aliyejifunza mila ya kwetu kwa ajili yangu, nami nikamwaibisha mbele ya watu.

Sasa nimestaafu. Nimewatoa ndama wengi kwa mikono aliyoifundisha yeye, na barua ya kumwomba radhi nimeianza mara nyingi nikaichana. Mgeni akija kwangu naonja kwanza, kisha nampa kwa mikono miwili. Wote hupokea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba kikombe kingine safi.