Sensa ya Oksijeni na Gari la Bibi Harusi

Kuunganisha sensa ya oksijeni si kazi ngumu, wapenzi wasomaji: inaonja moshi ndani ya bomba la ekzosi, kisha kompyuta ya injini inajua petroli iongezwe au ipunguzwe. Mimi niliifunga Kemondo, kwenye gari la kumpeleka bibi harusi kanisani Muleba.

Nilipowasha, moshi mweusi ukalifikia shela.

"Fundi, tunachelewa!" bibi harusi akalia.

"Tulia, dada. Ni petroli iliyochakachuliwa," nikaueleza ukoo mzima kwa upole.

Shangazi yake akainama nyuma ya gari. "Mwanangu, hiki ulichokifunga kwenye bampa kwa kamba ya mgomba ni nini?"

Ilikuwa sensa! Niliining'iniza ijipime kwanza kwa hewa safi, nikasahau kuirudisha ndani ya ekzosi. Kwa kuwa sensa ilionja hewa tupu, kompyuta ilidhani petroli imepungua, ikazidi kuimwaga.

Nikafungua mdomo nieleze.

"Usitueleze," bibi harusi akasema. "Irudishe."