Betri Niliyoipaka Rangi

Nimekosa, jamani! Wala msiseme shetani alinipitia. Nilikaa, nikawaza, nikatenda. Jina langu naomba lisiandikwe, maana huku Temeke watu tunajuana.

Mie ni dereva. Nilikuwa na lori kuukuu, nililouziwa na tajiri wangu wa zamani lilipomchosha, nikilitumia kubeba kuni kutoka Pugu kuleta mjini. Niliishi chumba kimoja na mdogo wangu Kasto, baba mmoja, mama mmoja. Sie ni watu wa kusini. Kasto alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa! Neno hilo tu linanitoa machozi.

Basi betri ya lori ikafa kabisa, hata cheche haitoi. Nilikwenda dukani kuuliza bei ya mpya, nikatoka bila kuaga. Kwa fedha zile mtu angeposa! Lori likalala uani mpaka kuku wakawa wanatagia chini yake, na wateja wangu wa kuni wakahamia kwa wengine.

Kasto alikuwa na sanamu moja ya mpingo asiyoiuza kwa yeyote. Ilikuwa sura ya marehemu mama yetu, na ndonya yake, kile kipande cha mti wanachovaa wanawake wa kwetu, kwenye mdomo wa juu, ameinama anatwanga. Mzungu mmoja wa Oyster Bay aliitaka mara nyingi, Kasto akikataa. Jioni moja nikamkuta anaifunga kwenye gunia.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa yule Mzungu. Kanunue betri, kaka. Mama hatakasirika, wanawe wanataka kula."

Aliporudi alinikabidhi fedha zote. Hakubakiza hata ya tumbaku.

Sasa sikieni upumbavu wangu! Jumamosi ile kulikuwa na dansi, na kulikuwa na binti mmoja wa Kinondoni aliyenizoea kwa nguo zenye vumbi la kuni na grisi. Njiani kwenda dukani nikaona kwa fundi cherehani suti ya gabadini imetundikwa, mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikaijaribu. Ikanikaa kana kwamba nilipimwa mie! Nikajiambia, betri ni betri tu.

Nikainunua suti. Kwa zilizobaki nikaenda Kariakoo kwa fundi anayefufua betri zilizokufa. Tena nikamwomba aipake rangi nyeusi, juu aweke lami, ing'ae kama imetoka kwenye kasha.

Kasto aliipapasa kama anavyopapasa mti kabla ya kuuchonga. "Mpya kabisa!" Akacheka kwa furaha. Suti nilimwambia nimeazima. Binti mwenyewe alicheza nami mara moja, akaenda zake na mwingine.

Hazikupita siku nyingi, betri ikaanza kuchoka. Ikawa kila asubuhi nawasha lori kwa hendeli, chuma kile cha kuzungushia injini kwa mbele, nazungusha mpaka mgongo unauma. Kasto akiuliza, namwambia betri mpya ina kawaida ya kusumbua mwanzoni. Naye ananiamini!

Siku moja tulikuwa Pugu, amekuja kunisaidia kupakia. Kuni zimeshajaa, lori limegoma. Nilizungusha hendeli hadi nikaishiwa pumzi.

"Kaa kwenye usukani, kaka," akasema. "Nijaribu mie."

Nikamwachia. Sikumwambia kwamba hendeli haishikwi kwa kuizungushia dole gumba. Sikumwambia kwamba injini ikirudi nyuma inapiga kama teke la punda. Ikarudi! Nikasikia mlio, nikadhani ukuni umevunjika. Kumbe mkono wa kulia wa mdogo wangu!

Hospitali walifanya walichoweza. Mfupa uliunga, lakini kiganja kilibaki kimepinda, vidole havifungi. Tezo ya kuchongea haishiki tena.

Nilipokwenda kumtazama, akaniambia kwa sauti ya kunifariji, mie mwenye mkono mzima: "Kaka, wale wa dukani wametuuzia kitu kibovu. Nikitoka hapa twende wote tukawaambie. Wakiuona mkono huu wataona haya."

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, wagonjwa wengine wanasikia. Fundi, rangi, lami, suti.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisema polepole, "Ungeniambia tu kwamba unataka suti. Ningechonga kitu kingine, tukauza."

Ee Mola wangu!

Niliuza suti, nikauza na lori, nikakimbilia Oyster Bay kuikomboa sanamu ya mama. Mpishi akaniambia bwana wake amesharudi kwao Ulaya, na mizigo yake yote imekwenda melini. Nikarudi kwa miguu nikilia njiani kama mtoto, watu wananitazama.

Kasto alirudi kwetu Newala. Analima mihogo kwa mkono wa kushoto. Fedha nilizompelekea alizipokea, akashukuru, lakini huku hajarudi tena. Wanaotoka kule wananiambia kwamba akiulizwa kuhusu mkono wake, hujibu, "Niliteleza nikiwa na gogo." Hajanitaja hata kwa mjomba wetu. Ananisitiri, mie niliyemlemaza!

Nyie mnaosoma haya, mtu akijinyima akakupa, nunua kile alichokutuma. Na moyo ukitamani kingine, rudi umwambie usoni, hata kama unaona aibu. Aibu ile ingekuwa ya jioni moja. Hii yangu naamka nayo kila alfajiri, na ndugu wa kumsalimia chumbani sinaye tena.