Aproni ya Mama Atieno

Enzi zetu mbwa hakuwa na sweta. Hakuwa na siku ya kuzaliwa, hakupigwa picha, wala hakulala ndani akisikiliza habari pamoja na wenye nyumba. Mpwa wangu Kevo anaye mmoja huko Kericho mjini, amempa jina Brayani, jina la mtu mzima aliyebatizwa, na juzi nilimkuta akimpulizia uji upoe. Nilicheka hadi nikakaa chini. Sisi tuliokulia Konoin, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulinukia majani ya chai yanayokaushwa kiwandani Mogogosiek, tulijua mbwa ana kazi moja tu, nayo ni ukali. Na ukali, tuliambiwa, hutengenezwa.

Ulitengenezwa hivi. Mtoto wa mbwa akiacha kunyonya alifungiwa kwenye kasha la mbao nyuma ya jiko, lenye tundu la kupumulia. Alikaa humo mchana kutwa, miezi kadhaa. Haoni wageni, haoni soko, haoni njia. Waliomlisha ni watu wa boma peke yao. Mbwa aliyezoea watu wengi, wazee walisema, huwa mjinga, anamtingishia mkia hata mwizi. Kila boma la kwetu lilikuwa na kasha kama hilo na hakuna aliyeliona kuwa ajabu.

Mbwa wetu aliitwa Taiga. Aliletwa nikiwa darasa la tano na kaka yangu Kipro akiwa la saba. Nakumbuka tulivyoamka kabla ya jua, kila mmoja akachuma mstari wake wa majani kabla ya shule, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu na mwalimu akatuchapa kwa uchafu. Tukirudi tulikunywa mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye harufu ya mkaa, tukala mahindi ya kuchemsha, kisha tukateleza mteremkoni juu ya magunia mpaka kaptura ya Kipro na sketi yangu zikatoboka. Watoto wa siku hizi wakiteleza ni kwenye simu, kwa kidole.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mashamba makubwa ya kampuni na laini za nyumba za wafanyakazi. Huko ndiko alikokaa Mama Atieno, mchumaji, Mjaluo aliyetoka upande wa ziwa. Kila Jumamosi alikatiza shambani kwetu akimletea mama omena, dagaa wa ziwani, zilizofungwa kwenye gazeti, naye mama akamjazia chupa ya maziwa. Hawakuwahi kupimiana. Binti yake Atieno alikuwa mwenzangu wa dawati. Alinifundisha kuruka kamba mbili kwa pamoja, nami nikamfundisha kushika ndama bila kukanyagwa. Walipita kwetu kwa sababu njia ya shambani ilikuwa dakika tano tu hadi shuleni na kanisani. Barabara yenyewe inazunguka kilima chote.

Wachumaji wa kampuni walivaa aproni za plastiki, za kijani, nzito, zinazopiga kelele mtu akitembea. Sisi wenye mashamba madogo tulijifunga magunia. Aproni ya Mama Atieno ilipochanika aliitia kiraka kwa uzi mwekundu, na ilipochanika tena alimletea mama. "Funikia kuni, mama Kipro," alimwambia, "mvua isinyeshee."

Sasa sikieni tulichofanya. Tuliichukua ile aproni, tukaijaza nyasi kavu, tukaifungia kichwa cha matambara na kuining'iniza kwenye mparachichi wa nyuma ya jiko. Kila jioni kasha likifunguliwa, baba akiwa bado zizini, mimi nilitikisa sanamu hiyo mpaka plastiki ikapiga kelele, Kipro akapaza sauti, "Shika!" Taiga akirarua, anapewa ukoko wa ugali uliolowekwa maziwa. Miaka yote nimejiambia kwamba hatukuwa na nia mbaya na mtu, kwamba tulichagua aproni kwa sababu inashika nyasi vizuri. Lakini sanamu ile tuliipa jina. Tuliiita Mjaluo. Kipro ndiye aliyeanza, nami nilicheka, na kesho yake nikaiita hivyo mwenyewe.

Siku moja mchana mvua ilimkuta Mama Atieno akitoka kuchuma. Alikuwa na kikapu mgongoni na aproni mpya kiunoni, akakimbilia kwetu kujikinga. Taiga, aliyekwisha kutolewa kashani, alikuwa nje. Hata hakubweka. Alimshika mguu, nyuma, chini ya goti, na ilibidi Kipro ampige kwa mti ndipo akaachia.

Mama alimkalisha kwenye kigoda, akamwosha damu kwa maji ya chumvi. Baba akatoka zizini. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na wiki hiyo tulikuwa tumepoteza kuku wawili. Akamtazama mbwa, akamtazama mama wa watu.

"Pole, mama," akasema. "Lakini hii mbwa haishikangi mtu bure."

"Mzee, mimi napitanga hapa kila siku."

"Ndiyo hiyo nasema. Mbwa haiwezi danganya. Kuna watu pua yake inajua."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sufuria ya maji mkononi. Sentensi moja tu ingetosha. Ningesema, Baba, ni sisi tulimfundisha, anajua aproni, hamjui mtu. Kipro alinikanyaga mguu. Niliogopa fimbo ya baba, nikanyamaza. Mama Atieno alifunga jeraha kwa leso yake, akashukuru kwa maji, akaondoka akichechemea. Jioni hiyo tuliichoma sanamu nyuma ya zizi, na moshi wa plastiki ulinikaa kooni siku mbili.

Baba aliziba njia kwa miiba. Baada ya mwezi mmoja mama alikuta manyoya ya kuku wetu kando ya kijito, kwenye shimo la nguchiro. Baba alisema "kumbe," akaendelea kunywa chai. Miiba haikutolewa. Taiga naye akapata sifa kijiji kizima. Kila mchumaji wa kampuni aliyepita barabarani alirukiwa, na watu wakaja kuomba watoto wake, wakitaka mbwa anayejua watu. Mara moja tu mke wa pasta wetu, mtu wa kwetu kabisa, alikuja amevaa koti la mvua la plastiki. Taiga alimpandisha juu ya trekta iliyokuja kubeba majani. Baba aliomba msamaha nusu saa nzima, akasema leo mbwa amekosea. Kipro na mimi tulitazama chini.

Atieno alihama dawati. Nilingoja anitusi, nikawa hata na majibu tayari, lakini hakunitusi hata siku moja. Alinisalimia tu kama wanavyosalimiwa watu wengine. Omena za Jumamosi zikaisha, na mama aliziulizia mara mbili tatu, halafu akaacha.

Mwaka jana Kevo alinipeleka naye kwa daktari wa mifugo kumchanja Brayani. Yule daktari, kijana mdogo anayeweza kuwa mwanangu, alituambia tumtembeze mbwa angali mchanga, aone wazee wenye bakora, waendesha boda wenye kofia ngumu, watoto, watu wenye miavuli na mizigo. Asichokiona utotoni atakiogopa ukubwani, akasema, na woga wa mbwa hutokea kwa meno. Kisha akaongeza kwamba mbwa humtazama mwenye kamba. Ukikaza mkono mtu fulani akipita, naye anajua ni wa kuchukiwa. Kevo alikuwa akiandika yote kwenye simu. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Ndipo wiki tatu zilizopita nilipomwona Mama Atieno. Nilikuwa nyumbani, boma ambalo sasa ni langu na Kipro, nikifunga lango lililowekwa mahali pa miiba ya baba. Mama Atieno alistaafu zamani, anaishi kwa binti yake aliyefungua duka la kushona nguo pale sentani, kwenye maduka ya upande wa pili wa kilima. Alikuwa akipanda barabara polepole, mkoba begani, bakora mkononi.

"Mama, pita hapa kwetu," nikamwambia. "Ni karibu."

Akasimama. Akalitazama lango. "Mbwa yenu imefungwa?"

Taiga alikufa mimi nikiwa sekondari. Sasa nina mvi. "Hakuna mbwa, Mama. Ilikufa kitambo."

"Najua. Niliambiwa. Lakini hii mguu haijui." Akaendelea na barabara.

Niliacha lango wazi nikamfuata, nikampokea mkoba. Kwenye kona ya kwanza nikaanza kumwambia. Maneno yalitoka vibaya, ya mwisho yakitangulia ya kwanza: kasha, nyasi, ukoko wa ugali, Shika. Jina la sanamu pia nililisema. Nililia njiani mchana kweupe, watu wakipita.

Hakusimama. "Cherono," akasema, "ile kiraka nilishona na mkono yangu. Unafikiri sikuiona? Mama yako akinioshea damu, mimi naiona tu, imening'inia kwa mti."

"Na mbona hukusema?"

"Ningeambia nani? Baba yako alikuwa ameshasikia mbwa." Alipumua, akabadilisha bakora mkono. "Nilikuwa nangoja wewe. Nikaambia Atieno, usimtusi huyo msichana, ni mtoto, ameogopa. Atakuja."

Tulitembea. Nimezaliwa kando ya barabara hiyo na sikuwahi kuizunguka kwa miguu hata siku moja. Sisi tulikuwa na njia yetu. Ina kokoto kali, ina kona nyingi, na ikifika kwenye daraja hakuna pa kujikinga lori la majani likipita. Aliipita Jumapili zote na siku zote za shule, yeye na mtoto, mguu ukiwa mbichi. Nimezoea kuwacheka kina Kevo na mbwa wao wanaomlamba kila mpita njia. Nimezoea kusema enzi zetu tulikuwa na adabu, tulijua majirani, mlango haukufungwa. Brayani hajamfukuza mtu yeyote kutoka njia yoyote.

Tulitumia karibu saa nzima. Atieno alitoka dukani na tepu ya kupimia shingoni, akaona mkoba wa mama yake mkononi mwangu, akanitazama. Mama Atieno aliketi kwenye benchi, akanyoosha mguu wake.

"Atieno," akasema, "yule mtoto amekuja."