Mshambuliaji Asiyejua Kiswahili

Msimu wa 2017 nilifunga magoli mengi kuliko msichana mwingine yeyote katika ligi yetu ya vyuo, na mpaka leo wapo wanaoamini nilikuwa natumia dawa. Waamini wanavyotaka. Kitu nilikuwa nacho kweli, ila hawakukijua: nilikuwa nasikia Kiswahili.

Chuo chetu kilikuwa Marshalltown, katikati ya jiji, ghorofa mbili za jengo la ofisi, na pale chini barazani watu waliuza soksi na chaja za simu. Uwanja hatukuwa nao. Jioni tulipanda teksi, zile daladala za huku, hadi Bertrams na kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kilichoinama upande mmoja, vumbi tupu wakati wa baridi. Kocha alikuwa mwalimu wetu wa uhasibu, mtu wa Soweto, mpole, aliyeamini kwamba kila tatizo la mpira linaisha kwa kukimbia zaidi.

Timu ile ilibebwa na watu watatu. Kipa alikuwa binti wa Kigoma, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Winga wa kulia alitoka Kisumu. Alikuwa na mbio za ajabu, na ukimwuliza lolote anakujibu sawa tu. Wa tatu ndiye nahodha, kiungo wa kati, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye mama yake alikuwa na saluni Hillbrow. Huyo sijapata kucheza na mtu anayemfikia. Nasema hivyo na hasira yangu yote bado ninayo.

Hao watatu uwanjani walisemezana Kiswahili, kila mtu na chake cha kwao. Wengine kwenye timu walikuwa watu wa Kizulu, Kisotho na Kivenda, hakuna aliyeambulia neno. Nahodha akitaka kupiga pasi alimwambia winga wazi wazi, kwa sauti, mpira unakwenda wapi: nyuma ya yule mfupi, au katikati ya wale wawili waliochoka. Mabeki wa upande wa pili walibaki wanatazamana. Ilikuwa siri yao ya ushindi na waliionea fahari.

Sasa mimi. Baba yangu aliondoka nchi hii kijana, enzi za mapambano ya kupinga ubaguzi, akaishia Morogoro, na huko akamwoa mama yangu. Mimi nilizaliwa huku, baada ya wao kurudi. Nyumbani Mama alitusemesha Kiswahili, sisi tukamjibu Kizulu, na maisha yakaenda. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili tulikwenda kuwasalimia ndugu zake, na binamu zangu wakanifanya kichekesho. Nikisema neno wananirudisha nilirudie, halafu wanagaragara chini kwa kucheka. Nikaapa mdomo wangu hautafunguka tena kwa lugha ile. Lakini masikio hayakuapa.

Siku ya kwanza ya mazoezi kipa alinitazama miguu akawaambia wenzake, kwa Kiswahili, kwamba safari hii kocha ametuletea korongo. Nahodha akasema nipewe nafasi kwanza. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu hapo hapo mbele yao. Jina langu ni la baba, nilisalimia kwa Kizulu, basi wakajua mimi ni wa hapa hapa. Ningeweza kuinua kichwa na kumjibu. Sikumjibu. Mimi ni mtu wa mashaka, niliumbwa hivyo. Mtu akinichekea usoni, nataka kujua anasema nini nikishampa mgongo. Na hapa nilikuwa naambiwa yote bila hata kugeuka. Nani angekataa?

Magoli yakaanza kuja. Nahodha anamwambia winga kwamba krosi iende mlingoti wa mbali, mimi nishafika mlingoti wa mbali. Anasema atapenyeza katikati, mimi nishaondoka. Mechi ya kwanza walinipongeza. Mechi ya tatu wakaanza kunitupia jicho. Baada ya mechi ya nne, tukiwa tunasubiri teksi, nahodha akasema kwa sauti ya chini, “Huyu iko na kitu. Anajua mbele mimi sijapiga.”

Kipa ndiye aliyelivalia njuga jambo la dawa. Njumu zangu zilikuwa za kaka yangu, kubwa, kwa hiyo kule mbele nilijaza gazeti. Siku moja nilirudi kutoka bombani nikamkuta kaingiza mkono kwenye kiatu changu cha kushoto. Akanitabasamia, akasema kwa Kiingereza kwamba alidhani ni chake. Kisha akamgeukia nahodha akaendelea kwa Kiswahili kwamba kuna karatasi humo ndani, na haikukunjwa kawaida, imekunjwa kwa maana yake. Jamani, gazeti la matangazo ya magodoro! Nilitaka kucheka na nilitaka kumzaba kofi, nikabaki nimesimama kama zuzu.

Tangu siku hiyo mashaka yakahamia kwangu pia, na yangu hayana mwisho. Nikaacha kunywa maji kwenye chupa ya timu. Viatu nikawa nalala nimevificha chini ya kitanda. Wakinong'ona, najua wananisema. Wakisema kwa sauti, nadhani ni mtego, kwamba wameshagundua nasikia na sasa wananipima. Na kupimwa nilipimwa kweli. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za shule tunakula amagwinya, na kipa, bila kubadili sauti, akasema, “Mwone, ana buibui shingoni.” Wote watatu wakanitazama. Nikaendelea kutafuna. Ngozi yote ilinisisimka, nilihisi miguu ya huyo mdudu inapanda kuelekea sikioni, nami natafuna tu andazi langu. Walipoinuka ndipo nilipopapasa. Hapakuwa na buibui.

Aliyenichanganya ni nahodha. Kabla ya kila mechi yeye ndiye aliyetusuka nywele, timu nzima, mmoja mmoja, na hakutaka shukrani. Mimi alinipenda, au alionyesha kunipenda. Aliniletea pondu ya mama yake, kisamvu cha kwao, kwenye kibakuli, akaniita ma chère, mpenzi wangu. Kisha, akidhani sielewi, namsikia anamwambia kipa kwamba nywele zangu zina harufu ya miti ya mganga. Ilikuwa mafuta ya nazi. Nikawa nakula pondu ile huku naichungulia.

Mwezi Agosti kocha akatukusanya. Mechi ya mwisho, alisema, mama mmoja wa timu ya wanawake ya jimbo angekuja kututazama. Alitafuta wachezaji wa mbele na wa kati, na kwetu pengine angechukua mmoja. Sitaficha: nafasi hiyo niliitaka kuliko diploma yenyewe. Baba alikwisha kusema kwamba mwaka ule ukiisha na mpira unaisha, na shangazi alikwisha kunitafutia kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Nilikuwa nikijiona nimekaa pale na fulana nyeupe nasema karibu, subiri kidogo, na machozi yananilenga. Nilimtazama nahodha. Naye alikuwa ananitazama.

Siku ya mechi tulibadilishia nguo darasani. Nikakaa sakafuni, kichwa changu kati ya magoti yake, naye akaanza kunisuka mistari ya kurudi nyuma. Kipa alikuwa upande wa pili anavaa glavu, winga kando yake. Vidole vya nahodha vilikwenda taratibu, havikuniumiza hata kidogo. Na hapo, juu ya kichwa changu, akasema kwa Kiswahili chake, kama anayeulizia chumvi:

“Leo musimupe mpira. Tucheze kushoto.”

Kipa akauliza itakuwaje tukifungwa. Nahodha akasema hatutafungwa, tutashinda bila mimi. Akasema yeye anacheza tangu mtoto, pekupeku, kwenye kokoto, na hawezi kuja mtu na dawa zake akamnyang'anya nafasi. Yule mama aone mpira, alisema, asione dawa. Sauti yake ilitetemeka. Kumbe aliliamini jambo hilo kabisa, hakuwa mwongo. Chozi likanitoka. Akaliona. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole wote, kama ananivuta sana.

“Sharp,” nikamwambia, niko sawa. “Endelea tu.”

Kipindi cha kwanza chote sikugusa mpira. Nilikimbia, nikanyoosha mkono, nikajiweka wazi mpaka nikaona haya. Mpira uliishia kushoto, kwangu haukufika. Yule mama wa jimbo alikaa kwenye kiti cha plastiki na koti lake jekundu, na kila nilipomtazama alikuwa anatazama upande mwingine. Kocha akanipigia kelele nikimbie zaidi. Eish, yule mzee.

Kipindi cha pili moto ulinipanda. Nikamsikia nahodha akimwambia winga avute mabeki kulia, kwamba yeye atatupa kushoto. Basi nikaenda kushoto. Mpira ulipofika nilimwondolea mwenzetu miguuni, wa timu yangu mwenyewe, nikageuka, nikapiga. Goli. Wengine wakanirukia. Kule nyuma kipa akapaza sauti kwamba si aliwaambia, si wameona wenyewe. Nahodha hakuja. Alisimama katikati ya uwanja ananitazama, na niliuona uso wake vizuri: alikuwa ananiogopa. Sitasema iliniuma wakati ule. Niliona tamu.

Zilibaki dakika chache. Kipa alidaka mpira, akauviringisha kwa nahodha, aliyeupokea ameelekea goli letu, kichwa chini. Nyuma yake alikuwa anakuja mshambuliaji wao, mbio, kimya kimya. Kipa alikuwa ameinama anavuta soksi. Niliyeona ni mimi.

“Nyuma yako!”

Kilitoka hivyo, kwa Kiswahili, kikali, kama Mama anavyotuita kutoka jikoni. Ilikuwa mara yao ya kwanza kunisikia nikikisema. Nahodha hakutazama nyuma. Alisimama akanitazama mimi, mdomo wazi, mpira uko chini ya mguu wake ameshausahau. Yule msichana akauchukua, akaenda nao, kipa hata hakupata muda wa kunyooka. Akafunga; ikawa moja kwa moja.

Baada ya hapo nahodha hakuwa mtu wa kucheza. Alipiga pasi zikatoka nje, akampasia refa, na kocha akamtoa. Filimbi ilipolia yule mama wa koti jekundu alinyanyuka, akaja kuniuliza umri wangu. Nahodha alipita kando yetu na viatu mkononi. Hakusimama.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu kwamba nimechukuliwa. Nikapanda hadi Hillbrow, kwenye saluni ya mama yake, kwa sababu sikutaka aisikie kwa mwingine. Nahodha alikuwa anamsuka mteja. Nikamsalimia kwa Kiswahili, kibovu kile kile, na mama yake akafurahi, akaniuliza mbona siku zote nilijificha. Nahodha akaniambia tutoke kwenye korido.

Akaniuliza, “Ulinionya, ao ulinitega?”

Nikasema nilimwonya. Akasema msimu mzima nasikia, nanyamaza, halafu siku ile, dakika ile, ndipo mdomo unafunguka. Nami nikamtupia yake: yeye ndiye aliyesema nisipewe mpira, na vidole vyake viko kichwani mwangu. Nilidhani atakana. Hakukana.

“Ndiyo, nilisema,” alinijibu. “Ungenijibu pale pale, tungegombana, ingeisha.”

Akarudi ndani kwa mteja wake. Nilishuka ngazi zote nimefura.

Nilichezea jimbo misimu miwili. Ndipo nilipoanza kusema Kiswahili hadharani, na wakinicheka nacheka nao. Sasa ndicho ninachotumia kazini na kwenye ugomvi. Na nahodha hatukuonana tena. Nilisikia aliacha mpira mwaka ule ule, na sikupata mtu wa kunithibitishia.

Kwamba nilimwonya, nimelisema kwa kila aliyenisikiliza. Nilimweleza Mama pia, jikoni, kila kitu tangu siku ya kwanza: korongo, buibui, kusukwa, goli. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha akaniuliza kwa nini siku ile sikumwita nahodha kwa Kiingereza, kama siku zote, maana angegeuka tu. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua naye. Mama akarudi kwenye mchele wake.