Mlango Katika Ukuta

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa sheha nikisubiri barua ya ukaazi, akaingia jirani yetu mmoja, mfanyabiashara mstaafu anayeishi peke yake. Mtaa wetu, nje kidogo ya Chake Chake, ni wa majumba mazuri yenye kuta, na ukuta wake ndio mrefu kuliko zote.

"Sheha, nataka ruhusa ya kutoboa ukuta, niweke mlango."

"Mlango wa kwendea wapi, Mzee?"

"Kwa Bi jirani."

Akatueleza huku ameegemea mkongojo. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, akashindwa kuinuka. Yule Bi alizoea kumsikia akisoma Qur-ani kila alfajiri, na siku hiyo hakusikia kitu. Akaita watu, wakapanda ukuta kwa ngazi, wakamkuta sakafuni, hai.

"Na ufunguo atakaa nao nani?" sheha akauliza.

Mzee akatikisa kichwa. "Mlango huo hautiwi kufuli."

Sheha akapekua droo. Fomu za kujenga ukuta zilikuwepo, ya kuutoboa hakuna. Akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono wake.

Nilitoka nikimshukuru Mungu kwa majirani ambao, nikinyamaza asubuhi moja tu, watakuja kuniulizia, hata ikibidi waruke geti langu la umeme.